Mnene Akienda Hospitali

Mtu mnene akienda hospitali kwa sababu ya jino, mafua au kidole kilichobanwa na mlango, mara nyingi hurudi nyumbani na ushauri uleule: apunguze kula na afanye mazoezi. Ushauri huo si wa uongo. Kinachoudhi ni kwamba hutolewa kabla mgonjwa hajamaliza kueleza kilichompeleka, tena kwa sauti ya mtu anayeamini kwamba mgonjwa huyo hajawahi kuusikia maishani mwake. Mimi ni mnene tangu shule ya msingi, na ushauri huo nimeupokea kutoka kwa madaktari, walimu, makondakta wa daladala na mashangazi, wengine kwa upendo na wengine kwa kejeli, kiasi kwamba ningeweza kuutoa mwenyewe nikiamshwa usiku wa manane. Kwa hiyo yale mabishano ya Marekani na Uingereza kati ya wanaharakati wanaotetea watu wanene na wataalamu wa afya, yanapotufikia huku kwa njia ya simu, siyasomi kama habari za ugenini. Nayasoma kama mtu anayehusika pande zote mbili, maana kwa upande wa mama yangu presha imeshalaza watu kitandani, na kwa upande wa baba kisukari kimefanya mtu akatwe mguu.

Nadhani wanaharakati hao wana haki katika jambo moja kubwa na wamekosea katika jingine kubwa vilevile. Nadhani pia kwamba mabishano yenyewe, yakishahamishiwa Dar es Salaam, Mombasa au Kampala, hayakai sawasawa, kwa sababu huku kwetu mwili wa mtu haujawahi kuwa wake peke yake. Ni ushahidi ambao jirani, wifi na mama mkwe huutumia kuwahukumu watu wengine, na hilo nitalifikia baadaye kidogo.

Harakati hizi zilianzia New York. Mwaka 1967 mtangazaji wa redio Steve Post aliwakusanya watu wapatao 500 katika bustani ya Central Park, wakala hadharani bila aibu, wakachoma vitabu vya kufundisha watu kujikondesha pamoja na picha za Twiggy, mwanamitindo wa Kiingereza ambaye wembamba wake ndio uliokuwa kipimo cha urembo wakati ule. Mwaka huohuo Llewelyn Louderback akaandika makala ya kuwatetea wanene katika jarida moja kubwa la nchi hiyo. Makala hiyo ilisomwa na mhandisi kijana, Bill Fabrey, ambaye mwenyewe hakuwa mnene lakini alikuwa amechoshwa na jinsi mke wake alivyokuwa akitendewa, na mwaka 1969 akaanzisha NAAFA, chama cha kutetea watu wanene ambacho kipo hadi leo. Ni jambo la kuchekesha kidogo kwamba katika jiji hilohilo, mwaka 1963, mama wa nyumbani aitwaye Jean Nidetch alikuwa ameshaanzisha Weight Watchers, kampuni iliyokuja kutajirika kwa kuwasaidia watu kupungua, wakanenepa tena, wakarudi kulipa ada.

Upande wa pili wa nchi, Los Angeles, kulikuwa na wanawake wakali zaidi waliojiita Fat Underground. Hao hawakutaka kuhurumiwa. Waliingia maktaba, wakasoma majarida ya udaktari, wakagundua kwamba tafiti za madaktari wenyewe zilionyesha kuwa watu wengi wanaojinyima chakula ili wapungue huurudisha uzito wote baada ya muda. Ilani waliyoitoa mwaka 1973 ilidai heshima, haki sawa kazini, shuleni na hospitalini, na ikaitaja biashara ya kupunguza uzito kuwa adui. Mwaka uliofuata mwimbaji Cass Elliot wa kundi la The Mamas & the Papas alifariki dunia jijini London akiwa na umri wa miaka 32, na dunia nzima ikaambiwa kwamba alisakamwa na mkate wenye nyama. Uchunguzi wa maiti haukukuta chakula chochote kooni. Alikufa kwa moyo. Lakini hadithi ya mkate ndiyo iliyodumu, kwa sababu ilionekana kwamba mtu mnene anastahili kufa akitafuna.

Ukiyatazama madai yale ya heshima leo, huoni ubishi wa maana. Jimbo la Michigan lilipiga marufuku ubaguzi wa uzito kazini tangu 1976, na jiji la New York likafanya hivyo mwaka 2023, likiongeza nyumba za kupanga na huduma za umma. Hakuna daktari aliyejitokeza kusema kwamba mtu akinyimwa kazi kwa sababu ya unene wake atapona kisukari. Ubishi unaanza pale mlangoni kwa daktari, na hapo nitaeleza jambo nililolishuhudia mwilini mwangu.

Katika zahanati fulani, ambayo sina haja ya kuitaja, nesi alinizungushia mkanda wa kupimia presha mkononi. Mkanda ulifika kwa shida. Alipoanza kuujaza upepo, kile kishikio chake cha kunatisha kikaachia kwa sauti ya kitu kinachochanika, na watu waliokuwa kwenye benchi wakageuka. Akarudia, safari hii akiukandamiza kwa kiganja chake, akasema, "Dada, mkono wako mkubwa mno." Kipimo kikasoma juu sana. Nikaandikiwa vidonge palepale, bila kuambiwa nirudi kupimwa siku nyingine, na nikapewa ule ushauri ninaoufahamu. Baadaye, mahali pengine, muuguzi mwingine aliutazama mkono wangu tu, akafungua droo, akatoa mkanda mpana zaidi, wala hakusema neno. Presha ilikuwa juu kidogo, lakini haikuwa ile ya kwanza hata kwa mbali.

Nilidhani ni bahati, hadi nilipokuja kusoma kuhusu utafiti uliofanyika Baltimore nchini Marekani na kuchapishwa mwaka 2023. Watu waliohitaji mkanda mkubwa kabisa walipopimwa kwa mkanda wa kawaida, namba ya juu ya presha yao ilisomeka kwa wastani karibu milimita 20 za zebaki zaidi ya ukweli. Milimita 20 ni tofauti ya kumtoa mtu mzima kwenye kundi la wazima na kumwingiza kwenye kundi la wagonjwa. Sasa, hapa mwanaharakati na daktari wana ugomvi gani? Mkanda unaomtosha mgonjwa ni dai la heshima na ni dai la tiba sahihi kwa pumzi ileile. Vivyo hivyo kwa kiti cha kusubiri kisicho na mikono inayobana mapaja, kitanda cha uchunguzi kisichoyumba, na mzani usioishia kilo 120. Ninapowasikia watu wakisema kwamba kuwatetea wanene ni kusifia ugonjwa, huwa najiuliza kama wamewahi kupimwa presha huku nesi akiukandamiza mkanda kwa kiganja.

Zaidi ya vifaa, lipo jambo la aibu yenyewe. Aibu haikondeshi. Mtu aliyedhalilishwa kwenye mzani mbele ya foleni haendi nyumbani kupika mboga za majani. Anaacha kwenda kliniki, na presha yake inaendelea kupanda bila kupimwa na mtu yeyote. Wengi wetu tuna ndugu wa namna hiyo, hasa akina mama, ambao walifika hospitali wakiwa wamebebwa.

Hata hivyo, kuna hatua ambayo baadhi ya wanaharakati waliichukua na mimi sikuweza kuwafuata. Kutoka kwenye kusema kwamba mnene anastahili kutibiwa kwa heshima, wakasogea hadi kusema kwamba unene hauna madhara, na kwamba kinachowaua wanene ni ubaguzi na kujinyima chakula peke yake. Hilo si kweli. Mafuta ya mwilini si mzigo uliotulia tu. Yanatoa homoni na kemikali za uvimbe, yanaufanya mwili usiitikie vizuri insulini, ile homoni inayoshusha sukari ya damu, yanajaa kwenye ini. Uchambuzi mkubwa uliochapishwa katika jarida la The Lancet mwaka 2016, uliojumuisha tafiti 239 na watu zaidi ya milioni 10, ulionyesha kwamba kuanzia kiwango cha 25 cha uwiano wa uzito na urefu, ule ambao watu wa afya huuita BMI, kila ongezeko la vipimo 5 liliendana na ongezeko la asilimia 31 hivi la hatari ya kufa mapema. Mwaka huohuo shirika la utafiti wa saratani lililo chini ya Shirika la Afya Duniani, WHO, liliorodhesha aina 13 za saratani zinazohusiana na mafuta kuzidi mwilini, ikiwemo ya matiti kwa wanawake waliokoma hedhi na ile ya utumbo mpana. Magoti nayo hayajui siasa za mtu yeyote.

Wanaharakati hupenda kujibu kwa kuushambulia BMI, na hapo wana hoja nusu. Ni kweli kwamba aliyeubuni katika karne ya 19, Mbelgiji Adolphe Quetelet, alikuwa mtu wa nyota na takwimu, wala hakuwa daktari, na alikuwa akimtafuta mtu wa wastani katika jamii, si mgonjwa. Ni kweli kwamba Ancel Keys aliyeupa jina la sasa mwaka 1972 aliukusudia kwa makundi ya watu. Ni kweli pia kwamba mwaka 1998 mamlaka za afya za Marekani ziliteremsha mpaka wa uzito uliozidi hadi 25, na mamilioni ya watu wakalala wazima wakaamka wana uzito uliozidi. Naye mtakwimu Katherine Flegal, aliyekuwa mtumishi wa serikali ya nchi hiyo, alionyesha mwaka 2005 na tena 2013 kwamba watu wa kundi la kati ya 25 na 30 hawakufa zaidi ya wenzao, bali pungufu kidogo, akatukanwa na maprofesa kwa kusema alichokiona kwenye namba. Lakini hoja hizo zote zinahusu mpaka na kipimo. Hazimsaidii mtu mwenye BMI ya 42 anayekoroma hadi pumzi inakatika usingizini. Januari 2025 tume ya wataalamu iliyochapisha ripoti yake katika jarida dada la The Lancet ilipendekeza tuache kutegemea namba hiyo peke yake: kiuno kipimwe, viungo vichunguzwe, na wanene ambao moyo, ini, figo na viungo vyao vinafanya kazi vizuri watenganishwe na wale ambao unene umeshaanza kuwadhuru, ili hao wa pili watibiwe kama wagonjwa wengine wowote. Kwangu mimi huo ndio uamuzi wa busara kuliko yote niliyoisoma, na nakiri kwamba sidhani wangeufikia bila kelele za wale wanawake wa Los Angeles.

Kuhusu kujinyima, sayansi imewakuta wanaharakati njiani. Tangu homoni ya leptini igunduliwe mwaka 1994 tunajua kwamba mafuta huzungumza na ubongo, na yakipungua ubongo huchukulia kuwa ni njaa na kuanza kujihami: hamu ya kula inapanda, mwili unabana matumizi. Kevin Hall na wenzake waliwafuatilia washindani 14 wa shindano moja la televisheni la kupunguza uzito, na miaka 6 baada ya shindano miili yao ilikuwa bado inachoma karibu kalori 500 kwa siku pungufu ya ilivyotarajiwa kwa watu wa ukubwa wao. Wengi walikuwa wamesharudisha kilo nyingi. Anayewaambia watu hao kwamba hawana nia ya dhati hajui anachokisema. Lakini tena, utafiti wa Marekani wa mwaka 2002 kuhusu watu waliokuwa ukingoni mwa kisukari ulionyesha kwamba kupungua kidogo tu, pamoja na kutembea dakika 150 kwa wiki, kulipunguza hatari ya kuupata ugonjwa huo kwa asilimia 58. Watu hao hawakuwa wembamba. Walibaki wanene waliopungua kidogo, na kisukari kikawapita wengi wao. Habari hii haina mvuto kwa upande wowote, kwa hiyo haitangazwi.

Sasa nirudi nyumbani. Mabishano ya Marekani yanadhani kwamba jamii inamdharau mnene na kumsifu mwembamba. Kwetu mambo yamepinda. Kwa Wachagga mama aliyejifungua hufungiwa ndani kwa miezi akilishwa mtori, supu, maziwa na nyama, na siku anapotoka watu hutazama mashavu na mikono yake ili wajue kama mume na mama mkwe wametimiza wajibu. Pwani nako, mwali anayetoka ndani anatazamwa vivyo hivyo. Mwanamke akinenepa baada ya kuolewa, husifiwa mume: anamtunza. Akikonda, mume huulizwa maswali, na mama yake binti hupanda basi kwenda kujionea mwenyewe. Katika hali hiyo mwanamke anayeambiwa na daktari apunguze kilo 15 hapewi ushauri kuhusu mwili wake tu. Anatakiwa kutoa ushahidi wa uongo dhidi ya nyumba yake. Nimewaona wanawake wakipungua kwa jitihada, wakafurahi, kisha wakarudia kula baada ya msiba mmoja tu ambapo kila aliyewasalimia aliuliza kwa sauti ya pole, "Unaumwa, mama?"

Na nyuma ya swali hilo kuna hofu nzito zaidi. Mwaka 1985 madaktari wa Uganda na wenzao walieleza katika The Lancet ugonjwa mpya uliokuwa ukiwaua watu wa Rakai, ambao wenyeji waliuita silimu kwa jinsi ulivyowakondesha. Ng'ambo ya mpaka, Kagera, wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini Tanzania walikuwa wametambuliwa mwaka 1983. Kwa miaka zaidi ya ishirini, hadi dawa za kufubaza virusi zilipoenea, kukonda kulikuwa tangazo. Watu walihesabu mifupa ya shingo za majirani na kuanza kutafuta nani kamwambukiza nani. Kizazi kilichokulia humo, ambacho ndicho chetu, hakiwezi kuambiwa kwa kipeperushi kimoja cha wizara kwamba wembamba ni afya, kikakubali. Sisi ndio tunaomwambia mtu aliyenenepa kwamba "ana afya," na tunamaanisha hivyo kabisa.

Lakini asije mtu akadhani kwamba huku ni peponi kwa wanene. Huyohuyo anayesifiwa na mashangazi huitwa bonge na kondakta, huambiwa alipe viti viwili, na vijana wa bodaboda hugombania kumkwepa. Sifa yenyewe ina mipaka yake: mafuta yanatakiwa yakae nyonga na makalio, yasithubutu kupanda tumboni wala mikononi. Mwaka 2019 Waziri wa Nchi wa Utalii wa Uganda, Godfrey Kiwanda, alizindua shindano la warembo wenye maumbo makubwa akisema litavutia watalii, na wanawake wengi wa nchi hiyo wakaja juu, wakihoji kama sasa wamewekwa katika orodha moja na sokwe na maporomoko ya maji. Waziri alidhani anasifia. Hilo ndilo tatizo la sifa za namna hii. Zinabakisha mwili wa mwanamke kuwa mali ya kutazamwa na kutolewa maoni, na mtoa maoni akibadili nia, sifa inageuka tusi siku hiyohiyo. Ingia katika kurasa za wauza vipodozi wa mjini na utaona mtu mmoja akiuza chai ya kuondoa tumbo na vidonge vya kuongeza makalio, kwa namba moja ya simu na bei zinazokaribiana. Hakuna kipimo, hakuna daktari, na mara nyingi hata maandishi ya viambato hakuna.

Kwa wanaume ndipo upuuzi unapokamilika. Mafuta ya hatari zaidi ni yale ya ndani ya tumbo, yanayozunguka ini na utumbo, kuliko yale ya nyonga na mapaja. Yaani kitambi, kile kinachoitwa cha mafanikio, kinachotangulizwa mbele kwenye vikao vya harusi na majukwaa ya siasa, ndicho ambacho daktari angepaswa kukikimbilia na utepe wa kupimia, maana kiuno cha mwanamume kikizidi sentimita 102 hatari ya moyo na kisukari imeshapanda sana. Hata hivyo mwanamume mwenye kitambi huitwa bosi, na maneno yote ya kutetea na kushutumu unene hutumika kwa wanawake.

Idadi nazo hazipingiki. Nchini Tanzania, utafiti wa kitaifa wa afya ulionyesha kuwa wanawake wa miaka 15 hadi 49 wenye uzito uliozidi au kiribatumbo walipanda kutoka asilimia 11 hivi mwanzoni mwa miaka ya 1990 hadi asilimia 28 mwaka 2015-16, na mjini ni wengi zaidi kuliko vijijini. Kenya mwaka 2014 walikuwa asilimia 33. Hakuna aliyewalazimisha wanawake hao wote kuwa wavivu katika kizazi kimoja. Kilichobadilika ni kazi, safari na chakula. Mama aliyelima na kuteka maji sasa anakaa kwenye kiti cha plastiki mbele ya kibanda cha M-Pesa kuanzia asubuhi, anapelekwa na bodaboda hadi mlangoni, na chakula cha haraka na cha bei anachoweza kukipata jirani yake ni chipsi zege iliyokaangwa kwa mafuta ya tangu juzi, na soda. Chai yake ya asubuhi ina sukari vijiko vinne, na andazi ni la ngano na mafuta. Ukimwambia anunue samaki na matunda, anakufanyia hesabu palepale, na hesabu yake ni sahihi kuliko yako.

Serikali zimejaribu. Desemba 2016 Makamu wa Rais wa wakati ule, Samia Suluhu Hassan, alizindua utaratibu wa watu kufanya mazoezi kila Jumamosi ya pili ya mwezi, na vikundi vya jogging vikashamiri Dar es Salaam. Kigali wana siku zao za barabara bila magari tangu mwaka huohuo. Ni mambo mema. Ila mwanamke mnene aliyevaa suruali ya mazoezi na kutoka barabarani alfajiri anajua sauti zitakazomfuata, na zinatoka kwa watu walewale ambao jioni humshauri afanye mazoezi. Kama kuna mahali ambapo harakati za heshima zingeleta afya moja kwa moja, ni hapo: kumwacha mtu mnene akimbie bila kuchekwa.

Na sasa kumeingia sindano. Dawa ya semaglutide, inayoiga homoni ya mwilini inayoleta shibe, iliidhinishwa Marekani mwaka 2021 kwa ajili ya kupunguza uzito, na watumiaji katika jaribio lake walipungua kwa wastani wa asilimia 15 hivi. Mwaka 2023 jaribio la watu 17,604 wenye ugonjwa wa moyo lilionyesha kuwa matukio kama shambulio la moyo na kiharusi yalipungua kwa asilimia 20. Oprah Winfrey, ambaye mwaka 1988 alivuta jukwaani kitoroli cha mafuta yenye uzito wa kilo 30 hivi kuonyesha alichokipunguza, kisha akazirudisha mbele ya macho ya dunia, alikiri Desemba 2023 kwamba anatumia dawa za aina hii. Weight Watchers, ile kampuni aliyoianzisha Jean Nidetch, iliomba ulinzi wa mahakama dhidi ya wadai wake Mei 2025. Septemba ya mwaka huo WHO ikaziingiza dawa za kundi hili katika orodha yake ya dawa muhimu kwa wagonjwa wa kisukari ambao pia wana magonjwa ya moyo au figo pamoja na unene uliopitiliza. Baadhi ya wanaharakati wanaziona kama usaliti. Mimi naziona kama uthibitisho wa jambo walilolipigia kelele tangu 1973, kwamba unene haukuwa dhambi ya ulafi, kwa sababu dhambi haitibiwi kwa homoni. Lakini anayeziacha hurudisha sehemu kubwa ya uzito ndani ya mwaka, kwa hiyo ni dawa za muda mrefu kama za presha, na kwa bei zake za sasa mtu wa mshahara wa kawaida hapa kwetu hawezi kuzimudu hata kwa msimu mmoja.

Wenye uwezo wameanza. Rafiki yangu mmoja, mama wa watoto wakubwa, amepungua kiasi cha kubadili nguo zote, na mtaani kwao maneno yameshaanza, yaleyale ya miaka ya tisini. Alikuja kuniuliza kama awaambie wakwe zake kwamba ni sindano, ili wasimdhanie vibaya, au anyamaze wasije wakamwona mtu wa anasa. Nilimwambia wakwe wangoje, aanze kwa kumwambia daktari wa kliniki yake ya kisukari, maana sindano hiyo alikuwa ameinunua kwa mtu wa mtandaoni, na vidonge vyake vya sukari alikuwa bado anavimeza kwa kiwango kilekile alichoandikiwa kabla hajapungua.